Mimba nje ya kizazi: upasuaji, na je, utazaa tena?

Mimba nje ya kizazi ni nini?
Ni mimba iliyojishikiza mahali pasipo pake. Zaidi ya 9 kati ya 10 hukaa kwenye mrija wa uzazi. Mrija hautanuki kama kizazi, hivyo mimba ikikua unapasuka na damu inamwagika tumboni. Mara nyingi mirija hiyo ina makovu ya klamidia (ugonjwa wa zinaa) au kisonono ambacho hakikutibiwa vizuri.

Haiwezi kuhamishiwa kwenye kizazi?
Haiwezekani, popote duniani. Tunayepambana kumwokoa ni mama.

Tumbo linauma chini, upande mmoja. Si chango tu?
Pima mimba kwanza, chango tutaliongea baadaye. Tunapokea kina mama waliomeza dawa za UTI wiki nzima bila mtu kuwapima mkojo wa mimba. Wengine wamekandwa tumbo. Kukandwa, jamani, na mrija unakaribia kupasuka!

Lakini damu imetoka, si hedhi hiyo?
Damu kidogo, nyeusi, iliyochelewa au isiyo na mtiririko wako wa kawaida si ushahidi kwamba huna mimba. Pima.

Nisubiri kupambazuke? Mume wangu yuko safarini.
Usisubiri. Maumivu makali, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega (damu iliyomwagika huchokoza kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu yakasikika begani) maana yake ni hospitali usiku huohuo. Hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezewa, si duka la dawa. Mume apigiwe simu ukiwa njiani. Ukiwa mtu mzima mwenye fahamu, ridhaa ya upasuaji ni yako. Mama mkwe naye ataelezwa baadaye.

Ni lazima nipasuliwe?
Ukiwahi, mimba ikiwa ndogo na mrija haujapasuka, huenda ukatibiwa kwa sindano ya methotrexate, dawa inayozuia mimba kuendelea kukua, kisha ukafuatiliwa kwa vipimo vya damu mpaka homoni ya mimba iishe. Baada ya sindano hiyo usibebe mimba kwa angalau miezi 3. Wengi wanaotufikia wameshachelewa nafasi hii.

Upasuaji wenyewe ukoje?
Mrija huondolewa, au huchanwa mimba ikatolewa na mrija ukaachwa. Njia ya pili huwapendeza wengi, ila mabaki ya mimba yanaweza kuendelea kukua, kwa hiyo lazima urudi kupima damu. Utafiti wa ESEP wa mwaka 2014 ulilinganisha njia hizi kwa wanawake ambao mrija wa pili ulikuwa mzima. Ndani ya miaka 3, waliopata mimba kwa njia ya kawaida ikaendelea vizuri walikuwa takriban 61 kati ya 100 pale mrija ulipoachwa, na 56 pale ulipoondolewa. Tofauti ni ndogo. Mrija uliopasuka vibaya hauna mjadala, unatoka.

Nimebaki na mrija mmoja. Nitazaa?
Wengi huzaa. Ovari zako zipo, na mrija uliobaki unaweza hata kudaka yai la upande wa pili. Kinachoamua zaidi ni uzima wa huo uliobaki. Kwa hiyo tibuni magonjwa ya zinaa wewe na mwenzako, wote wawili, na dozi iishe. Zile chupa za "kuzibua mirija" zinazouzwa mitandaoni acheni kuzinunua. Kovu la mrija haliyeyushwi na chai ya mizizi. Ikiwa mirija yote imeondolewa, kizazi bado kipo na mimba ya kupandikiza (yai hurutubishwa maabara, kisha huwekwa kwenye kizazi) inawezekana, ingawa gharama yake ni kubwa.

Na mimba ijayo?
Takriban 1 kati ya 10 hurudiwa na tatizo hili. Hedhi ikichelewa, pima mara moja, kisha fanya ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7 kuona mimba imekaa wapi. Usingoje kuanza kliniki tumbo likishaonekana, na usingoje maumivu. Mwambie anayekupima, kabla hujapanda kitandani, kwamba uliwahi kupata mimba nje ya kizazi.