Je, wajua ini lililokatwa hujuaje kukua tena, na hujuaje pa kukomea?

Waswahili husema maneno makali hukata maini. Madaktari wa upasuaji nao huyakata kwelikweli: mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa mgonjwa zaidi ya nusu ya ini lake, na baada ya miezi michache ini lake huwa limekaribia ukubwa wa awali. Kipande alichopewa mgonjwa nacho huwa kimekua. Toa figo moja, inayobaki itajitanua kiasi, basi.

Tuweke jambo moja sawa kwanza. Kipande kilichokatwa hakichipui upya kama mkia wa mjusi. Kilichobaki ndicho hukua mpaka kifidie pengo. Mwaka 1931, Higgins na Anderson wa Marekani walieleza jinsi ya kumwondolea panya theluthi mbili za ini bila kumuua, na theluthi iliyobaki hurudisha uzito uliopotea ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Umbo la zamani halirudi. Kwa hesabu hiyo kila seli inahitaji kugawanyika mara moja au mbili tu. Ukikata kidogo, tuseme asilimia 30, seli za panya hata hazigawanyiki: huvimba tu na kuziba pengo.

Lakini seli hupataje habari kwamba wenzake wameondoka? Damu ndiyo mjumbe. Damu yote inayotoka matumboni hupitia kwenye ini, na ini likipunguzwa, mzigo uleule wa damu husukumwa kwenye nyama kidogo. Watafiti Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili mwaka 1967: mmoja akakatwa ini, na seli za ini la yule mwingine, ambaye hakuguswa na kisu, nazo zikaanza kunakili DNA, hatua ya kujiandaa kugawanyika.

Ndani ya seli mambo huanza mapema mno. Haijatimia nusu saa, jeni za Fos, Jun na Myc, ambazo kwa kawaida husomwa (yaani hutumiwa kutengeneza protini) kidogo sana, zinasomwa kwa kasi. Kazi ya protini zake ni kuamsha jeni nyingine, kama jogoo wa kwanza anavyowaamsha jogoo wa mtaa mzima. Seli za Kupffer, walinzi wa kinga wanaokaa humohumo kwenye ini, hutoa interlukini-6, protini ya kupelekeana ujumbe kati ya seli, na hiyo huwasha swichi iitwayo STAT3 ndani ya seli za ini. Panya waliozaliwa bila jeni ya interlukini-6 walipokatwa ini, halikukua inavyotakiwa. Kisha hufuata vichocheo vya ukuaji kama HGF, jeni ya saiklini D1, protini inayoiingiza seli kwenye safari ya kugawanyika, hufunguliwa, na hapo seli imeshavuka mto: kwa panya wakubwa wa maabara, kunakili DNA hufikia kilele saa 24 hivi baada ya upasuaji.

Sasa njoo kwenye sehemu inayonivutia kuliko zote. Ini ndilo linalotengeneza albumini ya damu, protini za kugandisha damu na sukari ya kutuvusha usiku tukiwa tumelala njaa. Seli inayojiandaa kugawanyika hupunguza kusoma jeni za kazi hizo. Zote zikifanya hivyo kwa pamoja, mwenye ini atakufa akiwa na ini linalokua vizuri! Wanasayansi walipoanza kusoma jeni za seli mojamoja, badala ya kusaga kipande kizima na kupata wastani, walikuta seli zimegawana majukumu. Baadhi hurudi nyuma kidogo kuelekea hali ya uchanga ili zigawanyike. Nyingine hubaki kazini na kusoma jeni za kazi kwa nguvu kuliko kawaida, zikifidia wenzao. Ni kama nyumba yenye harusi: wengine wanafunga turubai, wengine hawabanduki jikoni, maana wageni lazima wale.

Kukomea nako kuna jeni zake. Protini iitwayo YAP husukuma ukuaji, na mnyororo wa protini nyingine huizuia ini likishatosha. Watafiti walipoilazimisha YAP ifanye kazi bila breki kwa panya, ini lilifikia karibu robo ya uzito wa mwili katika wiki nne tu. Walipoizima mapema, likanywea. Walipoiacha, uvimbe wa saratani ukatokea.

Yote haya ni kwa jeraha la mara moja. Pombe ya miaka mingi au homa ya ini B huliumiza ini kila siku, seli hufa na kuzaliwa bila kupumzika, na seli nyingine za pembeni huendelea kusoma jeni za kutengeneza kovu. Hapo ndipo sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, hupata mwanya. Huharibu DNA, mara nyingi katika jeni ya p53 ambayo ni mojawapo ya breki zenyewe, na seli ikigawanyika kabla ya kurekebisha kosa, huwarithisha watoto wake wawili. Ndiyo maana homa ya ini B na sumukuvu vikikutana katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini hupita mbali ile ya kimojawapo kikiwa peke yake.