Kuzungusha hewa ya ndani hakutoshi kuzuia vumbi garini

Madereva wengi wanaopita barabara ya vumbi kati ya Ngorongoro na Serengeti huamini kwamba kufunga vioo na kuzungusha hewa ya ndani hutosha kuzuia vumbi. Sivyo: gari linapokwenda, mgandamizo wa hewa nyuma yake hupungua, na vumbi hupenya kwenye mipira ya milango iliyochakaa, hasa mlango wa nyuma. Feni inayovuta hewa ya nje kupitia filta safi huongeza mgandamizo ndani, hivyo hewa hutoka kwenye mianya hiyo badala ya kuingia. Ukilifuata lori kwa karibu, funga hewa ya nje kwa muda mfupi tu. Filta, ambayo baadhi ya magari ya zamani hayana kabisa, ikiziba hudhoofisha msukumo huo.