Kuunganisha ndege si kubadilisha ndege

Matangazo ya mawakala wa safari kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara yanazidi kuirudia sentensi hii: "Dar hadi Guangzhou, unaunganisha Dubai, saa nne tu." Ukiomba kuona tiketi unakuta ziko mbili. Moja ni ya Dar kwenda Dubai, nyingine ya Dubai kwenda Guangzhou, kila moja imekatwa kivyake kwa shirika lisilo na habari za mwenzake. Hapo hakuna kuunganisha, hata kama wakala ni mmoja na pesa umelipa mara moja.

Kuunganisha ndege ni kusafiri kwa ndege mbili au zaidi kwa mapatano ya safari moja, ambapo aliyekuuzia amekubali kukufikisha mwisho wa safari yako na si mwisho wa ndege ya kwanza. Begi kupitilizwa, kupewa ndege nyingine ukiachwa, na kulazwa hotelini, hutoka kwenye mapatano hayo. Kushuka ndege moja na kupanda nyingine ni kubadilisha ndege, na mtu yeyote anaweza kubadilisha ndege bila kuunganisha chochote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, wa kimataifa kuhusu usafiri wa ndege, uliowekwa wakati abiria wa ndege walikuwa wachache mno, tayari ulisema kwamba safari inayofanywa na wasafirishaji kadhaa wanaopokezana huhesabiwa kuwa safari moja, mradi wahusika wenyewe wameichukulia kuwa shughuli moja. Mkataba wa Montreal wa 1999 uliibeba kanuni hiyo karibu kama ilivyo. Zingatia sharti lake: wahusika. Idadi ya karatasi haiamui, kwa sababu mikataba yote miwili inakubali kwamba safari moja inaweza kufungwa kwa mfululizo wa mikataba. Lakini abiria akiijumlisha safari kichwani mwake peke yake, na mashirika mawili hayajui kama yanahusiana, pande zote hazijaichukulia kuwa moja.

Ulaya jambo hili limefika mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la abiria aliyekuwa akitoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa kama saa mbili na nusu, akaachwa na zilizofuata, akafika saa kumi na moja baada ya muda wake. Mahakama ilisema kinachopimwa kwa ajili ya fidia ni ucheleweshaji wa kufika mwisho wa safari. Mwaka 2018 likaja shauri la safari ya Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca. Swali lilikuwa kama ndege ya pili, inayoruka ndani ya Morocco tu, ni safari nyingine isiyoguswa na sheria ya Ulaya. Jibu likawa kwamba nafasi zilizowekwa pamoja ni safari moja, na kubadilisha ndege katikati hakubadilishi kitu. Kuna ndege mbili na bara la pili, na bado mahakama inaona safari moja. Laiti mawakala wetu wangeusoma uamuzi huo, maana unaonyesha wazi kwamba uzi unaoshona safari ni namna nafasi zilivyowekwa.

Sasa mtazame abiria wetu wa Guangzhou. Ndege ya Dar ikichelewa, shirika la pili litaandika kwamba hakutokea. Kwa kumbukumbu zao yeye ni mtu anayeanzia safari Dubai aliyechelewa kufika uwanjani, sawa na aliyekwama kwenye foleni ya magari. Tiketi ikiwa ya kwenda na kurudi, mara nyingi hata ya kurudi inafutwa. Na hizo "saa nne tu" si saa nne za kuketi na kusubiri. Begi lake limeandikwa DXB, yaani herufi za uwanja wa Dubai, kwa hiyo anapita uhamiaji, jambo linalomhitaji viza, anasubiri mzigo kwenye mkanda, kisha anapanga foleni upya kwenye kaunta ambayo kwa safari ndefu kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka.

Yule aliyeunganisha kweli amewekewa kinga asiyoiona. Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kutoka ndege moja kwenda nyingine, uliopangwa kwa kufuata umbali wa majengo, ukaguzi na uhamishaji wa mizigo, na mitambo ya kuuza tiketi haitakiwi kuziunganisha ndege zilizokaribiana kuliko muda huo. Anayejikatia mbili hana wa kumzuia, hata akijiwekea dakika arobaini.

Kosa jingine linakuja upande wa pili. Mtu anatoka Addis Ababa kwenda Mwanza kwa tiketi moja, anaambiwa achukue begi Dar es Salaam, anakasirika kuwa "hawakuniunganishia." Wamemuunganishia. Dar ndiyo anapoingilia nchini, na uhamiaji na forodha vina kazi yao hapo bila kujali mapatano ya tiketi. Marekani hali ni hiyo pia: pasipoti hukaguliwa uwanja wa kwanza wa kuingilia, na kwa kawaida begi hupitishwa forodha hapohapo hata kama unaendelea kwa ndege ya ndani. Kulibeba begi mita kadhaa hakuvunji mapatano. Ukiachwa na ndege ya Mwanza kwa sababu ya Addis kuchelewa, deni bado ni la aliyekuuzia safari.

Wapo pia wanaoita kila kitu "transiti." Abiria wa transiti, kwa hesabu za viwanja, ni yule anayetua na kuendelea na ndege ileile, kama walivyofanya kwa miaka mingi abiria wa KLM waliotoka Amsterdam kwenda Dar huku ndege ikitua Kilimanjaro kwanza. Huyo huhesabiwa mara moja. Anayehamia ndege nyingine huhesabiwa mara mbili, akishuka na akipanda, kwa hiyo uwanja wenye watu wengi wa kuhama unaweza kutangaza mamilioni bila mamilioni hayo kutoka nje ya mlango.

Kwa wanaowapokea abiria kwenye milango ya viwanja ningeomba badiliko dogo. Swali "Unaunganisha?" linajibiwa "ndiyo" na kila mwenye ndege nyingine mbele, na mwenye tiketi mbili anaelekezwa kwenye njia ya wanaohama, anafika mwisho, anarudishwa, dakika ishirini zimekwenda. Aulizwe: "Begi lako limeandikwa hadi wapi?" Herufi tatu za kwenye lebo zitamwelekeza pazuri zaidi, japo zenyewe si uthibitisho kamili, kwani yapo mashirika yanayokubali kupitiliza begi hata kwa tiketi mbalimbali bila kubeba dhamana ya ndege ya pili.

Nanyi mawakala, kuuza tiketi mbili si dhambi. Wakati mwingine nauli inapungua sana na mteja anaridhia. Mwambieni tu kwamba anabadilisha ndege kwa tiketi mbili, kwamba atahitaji viza na atabeba begi mwenyewe, na mumshauri aweke usiku mmoja katikati. Kama kweli mnamuunganishia, mwonyesheni ndege zote kwenye buking moja kabla hajalipa.