Mvunja sefu wa 1915 hakuwa na haraka

Kila filamu bubu inapotajwa, hakosekani mtu wa kudai kwamba waigizaji wa zama zile walitembea mbiombio kama vikaragosi, na kwamba kazi yao ilikuwa mchezo wa watoto. Nimelijibu dai hilo kwa upole mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa filamu moja tu.

“Alias Jimmy Valentine” ilitoka mwaka 1915, chini ya uongozaji wa Mfaransa Maurice Tourneur, aliyekuwa akifanya kazi Fort Lee, New Jersey. Asili yake ni tamthilia ya Paul Armstrong, nayo ilitokana na hadithi fupi ya O. Henry. Robert Warwick anamwigiza Jimmy, mvunja sefu aliyetoka gereza la Sing Sing, akabadili jina, akaajiriwa benki na kuacha wizi kabisa. Mpelelezi Doyle anamfuata hadi huko. Ndipo mtoto anapofungiwa ndani ya chumba cha fedha cha benki, na hewa ni kidogo.

Jimmy akifungua, amejifichua mwenyewe. Asipofungua, mtoto atakufa. Anapapasa kufuli kwa ncha za vidole, anasita, anasikiliza kwa ngozi yale ambayo sikio haliwezi kuyapata, huku Doyle akimtazama kwa nyuma. Toba yote ya mtu huyu imo katika kusita huko. Ukiiharakisha mikono ile kwa nusu ya mwendo wake, umebaki na fundi anayerekebisha kitasa.

Na ndivyo inavyofanyika kila siku. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, aghalabu fremu, yaani picha moja moja za mkanda, 16 hadi 20 kwa sekunde, ilhali mwendo uliokuja na sinema ya sauti ni fremu 24; mkanda wa zamani ukionyeshwa kwa mwendo huo mpya, watu huonekana wakienda mbiombio. Futi 1,000 za mkanda wa milimita 35 zina fremu 16,000: kwa fremu 16 kwa sekunde ni karibu dakika 17, kwa fremu 24 ni dakika 11 tu. Mwigizaji hana kosa hapo.

Nakiri kwamba mwendo mmoja ulio sahihi haupo. Mpiga picha aliweza kubadili mzunguko katikati ya onyesho, na waonyeshaji wengi waliharakisha mkanda kwa hiari yao. Mimi hutazama moshi, upindo wa gauni na mtu anavyoketi, kisha nakadiria. Mwenzangu akitazama mambo hayohayo huweza kukadiria vingine, nami sina hoja ya kumnyamazisha.

Kuhusu wanaosema kamera ya siku hizo haikuwa na akili, watazame tukio la wizi wa benki, ambapo Tourneur ameiweka kamera juu ya vyumba visivyo na dari, nasi tunawaona wezi wakipenya chumba hadi chumba.

Kwa hiyo ukikuta nakala ambayo Doyle anavuka chumba kama anayekimbizwa, punguza kasi kwanza, ndipo useme kwamba Warwick hakujua kuigiza.