Je, wajua kwa nini mashua huanza na mti uliopinda?

Ukienda kununua mbao za kenchi, unachagua zilizonyooka. Unainua ubao, unafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Ukiuona umepinda unaurudisha kwenye rundo. Fundi wa mashua naye hufumba jicho moja, ila yeye anatafuta huo upinde. Mti ambao seremala wa nyumba angeuita kuni, yeye huuzunguka mara mbili tatu, akaupima kwa shibiri, kisha akamuuliza mwenye shamba anataka kiasi gani.

Hizi ni mashua za mbao za kuvulia nje ya mwamba wa matumbawe, zile ambazo bado zinaundwa ufukweni Nungwi kule Unguja, Matondoni kisiwani Lamu, au Chole upande wa Mafia. Karakana ni kivuli cha makuti, na mchoro wa karatasi mara nyingi haupo kabisa. Mgeni akiuliza kazi imeanza lini, ataambiwa siku ulipolazwa mkuku, yaani lile gogo refu la chini linalobeba chombo chote. Jibu hilo ni sahihi kwa kalenda tu. Kazi ilianza siku fundi alipoingia msituni na kamba yake.

Sababu iko ndani ya mti. Mti ni nyuzi nyingi zilizogandana, zikifuata njia ya shina na matawi. Anayepasua kuni anajua: ukifuata nyuzi, pigo moja la shoka linatosha, ukizikata kwa kukingama, utatokwa jasho. Sasa chukua taruma, ubavu wa chombo, unaoanzia chini kwenye mkuku na kupanda ukizunguka tumbo hadi ukingoni. Unaweza kuuchora kwenye ubao ulionyooka ukaukata kwa msumeno, na kwa macho utapendeza. Lakini nyuzi zimebaki zimenyooka ilhali kipande kimepinda. Pale kwenye kona zimekuwa vipande vifupifupi visivyoshikana na chochote, na wimbi la kwanza la maana likipiga ubavuni, taruma linakatika kama biskuti. Tawi lililokua limepinda lina nyuzi zilizopinda pamoja nalo, tangu ncha hadi ncha. Wimbi likitaka kulivunja, itabidi lizivunje nyuzi zote.

Ndiyo maana mataruma mengi hutoka mikokoni. Mlilana, unaoota ukingoni kabisa mwa msitu wa mikoko, upande wa bahari, unasifika kwa kazi hii, na mkomafi nao. Miti hii huota ovyoovyo, matawi yakijikunja huku na kule, na fundi huona mataruma yakining'inia mtini kabla hajashusha shoka. Panda, pale tawi linapoachana na shina, haitupwi pia: ndiyo inayofaa kufunga kona za ndani, pale ubavu unapokutana na boriti za juu. Mti hukatwa na kuchongwa kwa tezo ungali mbichi, kwani ukikauka unageuka chuma. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wenyewe, na sidhani walikuwa wanafikiria jikoni peke yake. Kumbuka tu kwamba mikoko inalindwa na sheria, Tanzania na Kenya, na huingii humo na shoka bila kibali.

Mbao za ubavuni, zile zinazofunika mataruma kwa nje, ni habari nyingine. Hizo zinatakiwa ndefu, zilizonyooka na zisizo na vifundo. Mvule ndio unaotajwa kwanza, kwa kuwa hauozi upesi na maji ya chumvi hauyaogopi, ingawa siku hizi bei yake inatisha. Halafu una vituko vyake: ndani ya shina mara nyingine hujificha mawe ya chokaa ambayo mti wenyewe umeyatengeneza, na msumeno ukiyagonga meno yanakwisha. Lamu wanaupenda mbambakofi, ambao sehemu nyingi za Tanzania ni mkongo. Mwembe ni rahisi kupata na rahisi kuchonga, lakini huoza mapema. Mwenye pesa kidogo huanza na mwembe akijua kwamba baada ya miaka kadhaa atakuwa anabadilisha mbao mojamoja, na hakuna aibu katika hilo. Ziko mashua za zamani zilizobakiwa na mkuku wa awali tu.

Ila hata kabla ya mti kuna swali ambalo watu huliruka: mashua hii itakwenda wapi? Ndani ya mwamba, kwenye maji ya tasi na changu, ngalawa inatosha. Ina ndubi zake, yaani vielezi vya mbao, pande mbili, haipinduki ovyo, na ikikwama mchangani watu wanne wanaisukuma. Nje ni kwingine. Ukishauvuka mwamba upande wa Pemba, sakafu ya bahari inashuka mamia ya mita, na huko ndiko jodari na nguru wanakopita. Huko utalala usiku ukiwa na jarife, wavu mkubwa, majini, na upepo wa kusi ukiamka alfajiri hauulizi mashua yako ina urefu gani. Chombo cha nje kinahitaji kina cha tumbo, ukingo ulio juu ya maji, na nafasi ya barafu.

Hapa napenda hesabu kidogo, kwa sababu wengi huanza na injini. Mtu ananunua mashine kwanza, kisha anatafuta fundi wa kuijengea chombo, sawa na kununua tandiko kabla ya punda. Anza na uzito. Maji ya bahari yana kilo 1,025 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kila tani unayopakia lazima chombo kisukume karibu mita moja ya ujazo ya maji. Tuseme mashua yako ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 2 pale maji yanapoishia. Kwa kuwa omo (mbele) na shetri (nyuma) zimechongoka, eneo lake juu ya maji ni kama mita 12 za mraba. Tani moja itaizamisha kwa sentimita 8. Sasa hesabu: watu 6, wavu uliolowa, mafuta, mashine, barafu ya siku mbili, na samaki ukijaliwa. Tani 2 zinafika bila kujua, na ukingo wako umeshuka sentimita 16. Kama ulikuwa umeuacha nusu mita juu ya maji kwa sababu mbao zilikuwa ghali, sasa umebakiwa na shibiri moja na nusu kati yako na bahari.

Fundi mzee hafanyi hesabu hiyo kwa kalamu. Yeye atakuuliza mkuku uwe mikono mingapi. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kiasi cha nusu mita. Mikono minne ni pima moja. Ukishamtajia mkuku, vingine vyote vinatoka humo: upana wa tumbo, urefu wa omo, mahali pa mlingoti. Uwiano huo ameurithi, na umeshapimwa na bahari kwa vizazi. Vyombo vyenye uwiano mbaya havikurudi kuigwa.

Mkuku hulazwa juu ya magogo, mahali ambapo maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku zote, hayafiki lakini yanakaribia. Hilo la kukaribia lina maana, tutaliona. Gogo likikosa urefu, vipande viwili huunganishwa kwa mshazari mrefu ili maungio yasiwe sehemu moja dhaifu. Mbele husimamishwa hanamu, inayokata maji. Nyuma fashini, itakayobeba usukani. Uzi huvutwa toka omo hadi shetri, timazi ikateremshwa, na hapo ndipo fundi anapokuwa mkali kuliko siku zote. Ukikosea ubao mmoja utaung'oa. Mkuku uliopotoka kidogo ukiuachia, chombo kitavuta upande mmoja maisha yake yote, na nahodha atashinda akipigana na usukani.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayowashangaza waliosomea uundaji wa meli. Katika vitabu vya Ulaya, mbavu husimamishwa zote kwanza kwa kufuata mchoro, kisha mbao zinavikwa juu yake kama ngozi. Jadi ya Bahari ya Hindi ilikuwa kinyume: ganda kwanza, mbavu baadaye. Mbao za chini zinashikizwa kwenye mkuku, inafuata safu ya pili, ya tatu, umbo linajitokeza lenyewe, ndipo mataruma yanachongwa kulingana na ganda lililopo. Leo mafundi wengi huchanganya: safu chache za mbao, mataruma machache ya kuongoza katikati, mbao tena. Lakini mantiki ni ileile, umbo liko kwenye jicho. Utamwona fundi akirudi nyuma hatua kumi, akachutama, akatazama, akarudi kupunguza ubao kwa tezo unene wa ukucha.

Na kwa nini ganda kwanza? Kwa sababu zamani mbao zilishonwa. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki juu ya pwani yetu aliutaja mji wa Rhapta, akasema jina hilo limetokana na mashua zake za kushonwa. Mtepe wa Wabajuni, uliodumu hadi karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilitobolewa ukingoni na kufungwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi. Chombo cha kushona ganda lake ndilo nguvu yake, mbavu ni msaada. Misumari ilipokuja, mikono ya mafundi iliendelea na mpangilio uleule ilioujua.

Ubao mnene haukubali kuzunguka tumbo la mashua kwa kuombwa. Huloweshwa maji, ukawekwa juu ya moto wa wastani huku ncha zake zimetundikwa mawe au zimevutwa kwa kamba. Joto likishirikiana na unyevu hulainisha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, ubao unalegea, unapinda, na ukipoa unabaki hivyohivyo. Moto ukizidi unapata mkaa. Ukipungua unapata ufa. Kisha keekee hutangulia kutoboa, kwani msumari ukipigwa kwenye mti mgumu bila tundu unaupasua. Chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba iliyochovywa mafuta ili maji yasipite. Misumari iwe iliyopakwa zinki. Hapa usibane pesa hata kidogo: chumvi na utomvu wa miti hii mikali hula chuma kitupu, na mbao nzuri za mvule zimewahi kuachana kwa ajili ya msumari wa bei rahisi.

Ganda likikamilika huanza kalafati. Mianya kati ya mbao hujazwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi butu na nyundo, tak-tak-tak ya mfululizo ambayo mtu wa pwani anaitambua akiwa mbali. Mbao hazibanwi sana kabla ya hapo, kwa makusudi. Ubao ukinywa maji haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, bali hutanuka kwa upana. Zikiwa zimebanwa kavukavu, zikilowa zitasukumana hadi zing'oe misumari. Pamba ndiyo inayozipa nafasi.

Chini hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Si pambo. Baharini yuko kiumbe anayeitwa mnyoo wa mbao, ingawa kwa nasaba ni ndugu wa chaza. Huingia akiwa mdogo kuliko kichwa cha pini, akatoboa njia yake ndani kwa ndani, na kwa nje huoni kitu mpaka siku ubao unapobonyea kwa kidole. Deheni humzuia kuingia. Kwa aliyekwisha kuingia, chombo hulazwa upande maji yakikupwa na kupitishiwa moto wa makuti makavu chini ya tumbo, upesi, kiasi cha kumuua yeye bila kuunguza mashua.

Sasa ule mkuku uliolazwa karibu na maji ya bamvua. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila baada ya wiki mbili hivi, na Zanzibar tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Siku ya kushua huchaguliwa ndani ya siku hizo. Dua husomwa, wali hupikwa, kijiji kinaitwa kwenye kamba, na chombo huteremka juu ya magogo kwa hatua chache tu hadi bahari iliyokuja kukipokea. Aliyeunda mbali ili apate kivuli cha mwembe hulipa siku hii.

Kisha mashua mpya inavuja. Mwenye chombo asiyejua hupaliwa na roho akiona maji yakipanda juu ya mkuku, lakini fundi anakaa pembeni anakunywa kahawa yake. Mbao zinakunywa. Atamwacha kijana humo na kata ya kufulia maji, usiku na mchana, siku moja au mbili au tatu, mpaka kata ianze kukwaruza ubao mkavu.