Je, wajua kwa nini maji ya tangi jipya la samaki wa baharini hugeuka kama tui?

Umejaza tangi, chumvi imeyeyuka, mchanga na mawe vimepangwa vizuri. Siku ya tatu unaamka, unawasha taa, na lile jiwe la nyuma hulioni. Maji yamekuwa meupe kama tui la nazi iliyokamuliwa mara ya pili. Wengi hapo hukimbilia ndoo wakayamwaga. Subiri kwanza, chota glasi moja.

Chota katikati ya tangi, weka glasi mezani, usiiguse. Weupe ukitoweka ndani ya dakika chache, tena ukianzia chini kupanda juu, hayo ni mapovu madogo tu: pampu inavuta hewa mahali fulani. Ukiacha glasi usiku kucha na asubuhi ukakuta maji safi juu na unga umelala chini, hilo ni vumbi la mchanga au chokaa. Asubuhi maji yakiwa yale yale, meupe kuanzia juu hadi chini, hao ni bakteria.

Vumbi la mchanga lisikutie hofu. Mchanga mweupe kama ule wa Paje au Nungwi umetokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vitu vilaini ambavyo kila vikisuguana hutoa unga. Uoshe kama unavyoosha mchele, mwaga na urudie hadi maji yatoke safi, na unapojaza tangi mimina maji juu ya sahani ili usiutibue. Anayechota maji ya bahari yenyewe, yuko Tanga au Mombasa, akae mbali na midomo ya mito, hasa wakati wa masika, kwani hapo hubeba tope nyumbani.

Chokaa ina kisa kingine. Chumvi ya tangi si ile ya jikoni. Imechanganywa na kalisi, magnesi na kaboneti. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, kalisi na kaboneti hukutana zikiwa nyingi mno mahali pamoja, zikashikana kuwa chembe nyeupe, zile zile zinazoganda ndani ya birika la kuchemshia maji ya kisima. Zikishashikana haziyeyuki tena kirahisi. Basi tangulia maji, washa pampu yazunguke, ndipo utie chumvi kidogo kidogo: gramu 35 hivi kwa lita, yaani kilo 7 kwa tangi la lita 200.

Sasa tuje kwa bakteria, maana ndio hasa wanaowakatisha watu tamaa.

Bakteria mmoja ana upana wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Wakijaa majini hutawanya mwanga kila upande, rangi zote pamoja, na jicho likaona weupe. Tui nalo ni jeupe kwa sababu hiyo hiyo, ila ndani yake kuna vitone vya mafuta. Ndiyo maana sponji ya filta haifui dafu: matundu yake ni makubwa mno kwao.

Lakini kijiko cha chai cha maji ya bahari safi kabisa nacho kina bakteria kwa mamilioni. Mbona bahari haigeuki tui? Kwa sababu huko wana walaji. Vijiumbe vikubwa kidogo huwameza usiku na mchana, na virusi huwapasua. Tangi jipya lina chakula tele, yaani mabaki ya viumbe waliokufa kwenye mawe na chakula cha samaki kilichozidi, na walaji bado hawajafika. Bakteria anayejigawa kila nusu saa huweza kufikisha zaidi ya milioni moja kwa saa 10.

Ndipo unapoona kwa nini ndoo haisaidii sana. Ukimwaga nusu ya maji umeondoa nusu ya bakteria. Chakula kikiwa bado kinaoza chini ya jiwe, nusu hiyo wanaweza kuirudisha kwa kujigawa mara moja tu.

Tatizo ni kuwachanganya hawa na bakteria wengine, wale tunaowangoja. Hao hugeuza amonia, sumu itokayo kwenye uozo na choo cha samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Hawaelei wakatia maji weupe. Hushika kwenye mawe, mchanga na sponji, tena huchukua nusu siku hadi siku nzima kujigawa mara moja. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alipowatenga mwaka 1890 kule Zürich, Uswisi, aliwakosa kwenye jeli ya kawaida ya maabara, kwa sababu hawaishi kwa vyakula vya uozo. Nguvu zao hutoka kwenye amonia yenyewe. Hivyo anayesuuza sponji kwa maji ya bomba yenye klorini ili kuondoa weupe anawaua wasio na hatia, na wale wenye weupe wanabaki majini wakiendelea kula.

La kufanya ni kuwanyima chakula. Punguza au simamisha kulisha, inua mawe utafute kilichokufa, kitoe. Elekeza pampu juu ili uso wa maji uchezecheze, kwa kuwa bakteria hao hula oksijeni nyingi, na maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hayashiki oksijeni nyingi tangu mwanzo. Kama tayari kuna samaki na unawaona wamepanda juu wakipumua haraka, hapo usingoje: ongeza hewa, pima amonia, na ikiwa imepanda badilisha sehemu ya maji kwa yaliyochanganywa vyema, yenye joto na chumvi sawa. Kama hakuna samaki, mara nyingi weupe huondoka wenyewe ndani ya siku chache hadi wiki.

Yakitakata, usikimbilie dukani. Amonia haina rangi, na tangi linaloangaza kama kioo laweza kuwa limejaa sumu. Bakteria wa mawe huhitaji wiki 4 hadi 6 kutulia, na samaki wa kwanza aingie siku kipimo cha amonia na cha nitriti vyote vinasoma 0.