Kwa nini Trinidad wanasema "Calypso Monarch" na si "King"

Ukipitia orodha ya washindi wa kalipso wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa viwili huko Karibi, utaona cheo kinabadilika jina njiani. Hadi 1977 mshindi ni Calypso King. Kuanzia 1978 ni Calypso Monarch. Shindano ni lile lile. Aliyelazimisha mabadiliko ni mwanamke wa Tobago, Calypso Rose.

Kalipso ni muziki wa maneno. Tarumbeta na ngoma zipo, lakini watu huenda kusikia nani kasemwa safari hii: waziri, mwenye nyumba au mwimbaji mwenzake. Aliyezoea mipasho ya taarabu hatapata shida kuielewa. Kabla ya Kanivali, sherehe kubwa ya mitaani ya kila mwaka, waimbaji hutumbuiza kwenye kumbi ambazo mpaka leo huitwa "mahema", kwa sababu zamani zilikuwa vibanda vya mianzi na makuti. Huko ndiko huchujwa, mpaka fainali ya usiku wa Jumapili, kesho yake Kanivali, pale Queen's Park Savannah, Port of Spain. Majaji hutoa alama, na mmoja huvikwa taji la mwaka.

Usichanganye taji hili na Road March. Huo ni wimbo uliopigwa mara nyingi zaidi vikundi vikipita mbele ya vituo vya kuhesabia, Jumatatu na Jumanne ya Kanivali. Wimbo unaweza kutikisa barabara nzima na jukwaani usifue dafu. Mwimbaji Mighty Sparrow alitwaa vyote viwili mwaka 1956, akapewa dola 40, huku mrembo wa Kanivali akipata zawadi nono kuliko yake. Akasusa, na huo mgomo nao akautungia kalipso.

Rose, jina lake McCartha Lewis, alizaliwa kijiji cha Bethel, Tobago, mwaka 1940, binti wa mchungaji wa Spiritual Baptist, dhehebu la Kikristo. Hebu fikiria nyumba hiyo ilivyopokea habari za kalipso, kazi iliyoonekana ya wanaume tena wahuni. Wimbo wake wa kwanza aliutunga usichanani, baada ya kumwona mwanamume akimkwapua mwanamke miwani usoni. Mwaka 1977 "Tempo" ikampa Road March, wa kwanza kwa wanawake. Mwaka uliofuata akapanda jukwaani na nyimbo mbili, "I Thank Thee" na "Her Majesty", akawagaragaza wanaume wote.

Sasa waandaaji wana taji la mfalme na kichwa cha mwanamke. Kumwita malkia kungesikika kama tuzo ya pembeni, ya akina mama. Wakachukua "monarch", mtawala yeyote, awe mke au mume. Kiswahili kingekwama hapo hapo: hatuna jinsia kwenye "yeye", lakini mfalme wetu ni mwanamume, na malkia mara nyingi ni mkewe.

Sparrow alipolitwaa tena taji hilo mwaka 1992, alitawazwa kwa jina lililotafutwa kwa ajili ya Rose.